Feni ya Mama Mkubwa Somoe

Siku ya arobaini ya Mama Mkubwa Somoe pale Ruangwa, shehe alimsifu marehemu kama ipasavyo. Alitaja swala zake, akataja mikorosho aliyoiacha, akataja watoto wa watu aliowalea kana kwamba amewazaa mwenyewe. Watu wakaitikia. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye jamvi la wanawake, sahani ya wali mapajani, nangoja ataje feni. Hakuitaja. Na angeitajaje, wakati mambo hayo yalipotokea yeye hajazaliwa, na chumba chenyewe cha mashine kilishabomoka zamani, mahali pake pamejengwa duka la saruji na misumari? Nilitamani kusimama niseme, lakini mwanamke mzima hasimami katikati ya hitima akaanza kusimulia habari za mapanga ya chuma. Basi nimerudi nyumbani, nimekaa, naandika. Mwaka ule mmoja niliokaa naye ndio ulionifanya niwe mtu, na asiyejua habari ya ile feni hamjui Somoe, hata kama alikuwepo kumzika.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, mradi mkubwa wa karanga wa Nachingwea ulipokuwa ukikunja jamvi. Mimi nilikuwa nimetoka kuachika. Nilikuwa bado msichana, sina mtoto, sina kazi, nina maneno mengi tu mdomoni, na nyumbani walishachoka kuyasikia. Wakanipeleka kwa mama mkubwa nikamsaidie kupokea mahindi ya watu kwenye mashine ya kusaga. Nilimkuta uani, mikono imejaa unga hadi kwenye viwiko, nikapiga magoti nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akaniangalia kuanzia kichwani hadi miguuni, akasema, "Umeachwa, hujafa. Chukua ungo huo." Hayo ndiyo yalikuwa makaribisho yangu, na hadi leo sijakaribishwa mahali kwa maneno yaliyonifaa kuliko hayo.

Chumba cha mashine kilikuwa kwenye kona ya ua, upande wa barabara. Kuta zake zilikuwa za udongo mnene, juu bati, mlango mmoja wa mbele, na kidirisha ambacho paka aliyeshiba angepita kwa shida. Injini ilikaa ndani, pamoja na mawe ya kusagia, pamoja na magunia, pamoja na mwenye mashine. Bomba la moshi lilitoka nje kupitia ukutani, lakini lilikuwa limechoka kwenye maungio, kwa hiyo nusu ya moshi ilitoka na nusu ilibaki kututembelea. Ukiuongezea vumbi la unga na joto la bati, mtu aliingia mle mweusi akatoka na nyusi nyeupe na macho mekundu. Wanawake waliotoka Nkowe na Mandawa na vikapu vyao kichwani hawakuingia. Walisimama mlangoni wakipiga kelele za kuulizana nani kamtangulia nani, ndani kwetu tunakohoa.

Mwenye mashine alikuwa mume wa mama mkubwa, Bakari, Mmakua wa upande wa Masasi. Alikuwa ameyajua matrekta ya mradi wa karanga mpaka akawa anayatambua kwa mlio, na mradi ulipoanza kuuza vitu vyake alipata ile injini, korosho za mkewe zikasaidia. Mji mzima ulimwita Fundi, na mkewe naye alimwita Fundi, hata wakiwa wawili tu. Alikuwa mtu mrefu, mpole, anayezungumza na injini kwa sauti ya chini, tena kwa Kimakua, kana kwamba Kiswahili hakitoshi kuibembeleza. Asubuhi alikunywa uji wa mtama amesimama kwenye mlango wa mashine. Mchana tulimpelekea ugali na kisamvu cha karanga palepale, akala amekaa juu ya gunia, mkono wa kushoto umeshika mkanda kuusikiliza kama umelegea. Sijapata kuona mtu na kazi wakapendana namna ile.

Kikohozi chake kilianza kabla sijafika, lakini mwaka ule kilihamia kabisa. Daktari wa Nachingwea alimpima akamwambia aache kukaa kwenye ule moshi na vumbi, la sivyo kifua hakitapona. Fundi akarudi, akashukuru, akaingia tena kwenye mashine. Kisha siku moja akaanguka magotini karibu na injini, midomo imebadilika rangi, tukamtoa kwa kumbeba mimi na mama mkubwa. Tangu siku hiyo alilazwa kwenye mkeka barazani, na mashine nikaiendesha mimi kwa maelekezo yake ya kupigiwa kelele kutoka nje. Nilitaka sana kusema kwamba niliogopa, ila ukweli ni kwamba nilifurahi. Nilikuwa sijawahi kushika kitu kinachonguruma kikanitii.

Sasa lazima nieleze desturi yetu, maana bila hiyo mtu wa sehemu nyingine hataelewa. Kwetu mume ndiye anayehamia kwa mke. Anapewa mahali pa kujenga, anaheshimiwa, ila ukoo ni wa mke, na mkubwa wa ukoo ni kaka wa mke. Mume akiugua ugonjwa mrefu asiweze tena kufanya kazi, watu wake huja wakamchukua wakamuuguze kwao, na kama ni kufa afie kwao. Si ukatili. Ni utaratibu, ili pasitokee lawama kwamba mmemla mtoto wa watu. Basi Mjomba Hassani, kaka mkubwa wa mama mkubwa, akaja kutoka Chunyu akiwa amevaa kanzu yake safi, akamjulia hali mgonjwa kwa adabu zote, akala mbaazi zetu, kisha akamwita dada yake kando ya jiko. Mimi nilikuwa ndani napepeta, na ukuta wa jikoni haujui siri.

"Somoe," alisema, "nimetuma salamu kwa watu wake. Mavuno yakimalizika watakuja kumchukua."

"Mavuno yakimalizika lini, kaka?"

"Ufuta ukishakatwa. Usinichukie, dada yangu. Akifia hapa, tutajibu nini kwa wajomba zake?"

"Na akipona?"

"Akipona atakuwa anafanya kazi. Anayefanya kazi hachukuliwi."

Mchana uleule, watu wamelala, nilimsikia Fundi mwenyewe akimwambia mkewe pale barazani kwamba asigombane na kaka yake. "Mimi nikiwa nje ya ile mashine, Somoe, nimekuwa mkwe tu hapa. Niache niende." Nilichungulia nikamwona mama mkubwa amemshika kifundo cha mguu, ameshika kama mtu anayezuia mbuzi asitoke zizini. Niliona aibu kuwaona, na nikaona wivu pia, kwa kuwa mwanamume aliyeniacha mimi alitoka mlangoni na hakuna aliyemshika, hata mimi.

Kesho yake alfajiri mama mkubwa akaniambia nijitayarishe, tunakwenda Nachingwea. Fundi alikuwa amewahi kumwambia kwamba kwenye nyumba za Wazungu wa mradi kulikuwa na feni zilizotiwa ukutani jikoni, zikitoa moshi wa mapishi, na sasa vitu hivyo vilikuwa vinauzwa pamoja na vyuma vingine. Fundi akasisitiza lazima naye aende, maana ni nani atakayejua chuma kizuri. Tukampakia kwenye lori la mfanyabiashara mmoja, tukamkalisha kwenye magunia matupu. Kikohozi chake na mashimo ya barabara vilikuwa vinapokezana njia nzima.

Uwanja wa vyuma pale Nachingwea ulikuwa mkubwa kama soko, na kitu chochote ungekitaka ungekikuta kimelala juani. Mtunza ghala alikuwa mzee mmoja wa Kimakonde, mchangamfu, mwenye mzaha kwenye kila neno. Akatuonyesha feni. Ya kwanza ilikuwa ya rejeta ya trekta, pana kama ungo mkubwa, mapanga mazito. Fundi alipoiona macho yake yakang'aa, akasema hiyo hiyo. Ya pili ilikuwa ndogo, ya bati jepesi, imetoka ofisini. Ya tatu ilikuwa ya ukutani, ya jikoni kwa Mzungu, ina fremu yake na wavu wake, mota imeungua lakini shafti nzima, mapanga machache, mapana, yamelalia upande kama majani ya mgomba.

Mama mkubwa akafungua pindo la khanga yake, mle ndani alikuwa amefunga pumba za mtama alizotoka nazo nyumbani. Akaniambia nizungushe feni moja moja kwa mkono, kwa nguvu zilezile, na kila nilipozungusha alidondosha pumba mbele ya mapanga, akaangalia zinakwenda wapi na zinafika mbali gani. Halafu akasema niachie, akasikiliza inachukua muda gani kusimama.

Mzee wa ghala alicheka mpaka akashika kiuno. "Mama, mchagua jembe si mkulima!"

"Kweli, baba," alijibu mama mkubwa bila kuinua macho. "Na mtaka pumzi je, naye asichague?"

Ile ndogo ilipeperusha pumba kidogo tu, zikaanguka miguuni. Ile ya trekta ilizitupa mbali sana, lakini nilipoizungusha mabega yangu yaliuma, na nilipoiachia ilisimama upesi. Mama mkubwa akamgeukia mumewe. "Fundi, hii kubwa injini yetu itaibeba pamoja na mawe?" Nilimwona Fundi anavyopambana na moyo wake. Alikuwa amekwisha kuipenda. Akaipapasa mapanga, akahesabu kitu fulani kichwani, kisha akasema taratibu, "Haitaibeba. Itatuletea upepo na kutunyima unga. Mahindi yatatoka chenga." Akapiga goti kwenye ile ya jikoni, akaitikisa shafti kushoto na kulia, akanusa beringi, akasema hii ina uhai, atatia puli, gurudumu la kupitishia mkanda, mahali pa mota na kuizungusha kwa mkanda wa injini. Mmoja alijua upepo, mwingine alijua injini, na hapakuwa na aliyemnyang'anya mwenzake nafasi. Katika ndoa yangu mimi tuligombania hata nani afunge mlango. Nilisimama pale juani nikajifunza jambo ambalo unyagoni hawakunifundisha.

Tuliitia ukutani nyuma ya chumba, juu, mkabala na mlango. Fundi alielekeza kutoka kwenye mkeka, mwashi akatoboa ukuta, mimi nikapanda juu ya pipa kufunga bolti kwa spana. Palizuka swali moja tu, nalo ni feni ielekee wapi. Fundi alisema kwa Wazungu ilikuwa ikitoa. Mama mkubwa akamwangalia kama anavyoangaliwa mtu asiyewahi kushika ungo. Sisi wanawake wa huku tunapepeta tangu tukiwa wadogo, na katika kupepeta upepo hutoka mgongoni kwako, ukasukuma pumba mbele ziende zake. Hujapata kuona mtu anapepeta huku amevutwa na upepo. Kwa hiyo, akasema, feni isukume kutoka nyuma, moshi na vumbi vitoke kwa mlango. Wanawake wote waliokuwepo wakaafiki, na mimi nikaafiki kuliko wote. Fundi alikuwa ameona pumba kule Nachingwea, alikuwa ameona mkewe alivyochagua sawa, akasema basi, iwe hivyo.

Siku ya kuijaribu, ufuta ulikuwa umeshaanza kukatwa, na habari ilikuwa imeenea. Wanawake walijaa mlangoni wamevaa khanga nzuri kana kwamba ni harusi. Fundi tukamsogeza akae kwenye kiti hapohapo mlangoni, aone. Nikawasha injini, nikamwaga mahindi, unga ukaanza kushuka, nikaupachika mkanda wa feni.

Uwii! Feni ilivuma kwa nguvu zake zote, ikauchukua unga wote uliokuwa juu ya magunia, kwenye kuta, kwenye miti ya paa, unga wa miezi mingi, ikaukoroga na moshi, ikautupa wote mlangoni kwa mpigo. Sikuona mkono wangu. Nilipofanikiwa kuzima injini na kutoka nikipapasa, nilikuta uwanja mzima wa wanawake weupe, hakuna aliyemjua mwenziwe, mmoja analia, wengine wanacheka mpaka wamekaa chini. Nami nikacheka. Kisha kicheko kikakatika, maana katikati yao Fundi alikuwa ameanguka kutoka kwenye kiti, anakohoa kikohozi kisicho na mwisho, na mama mkubwa amemkumbatia, machozi yanachora mistari kwenye unga wa mashavu yake.

Usiku na mchana uliofuata Fundi hakula. Watu wa mjini walisema feni ya Mzungu haikubali mashine ya Mwafrika, wakaona wamesema la maana. Mjomba Hassani naye akaleta habari kwamba mpwa wa Fundi ameshatoka Masasi, yuko njiani na baiskeli. Mama mkubwa alikaa jikoni akitazama moshi wa kuni. Mimi nilikuwa namchochelea moto. Alitazama moshi unavyopanda, unavyozunguka, unavyotafuta pengo la paa na kutoka kwa hiari yake. Nikapepea moto kwa ungo, moshi ukatawanyika jiko zima ukatuingia machoni. Akanishika mkono.

"Acha kupepea," alisema. Akatazama tena mpaka moshi ukatulia ukarudia pengo lake. Akainuka akaenda barazani, nami nyuma yake, akapiga magoti pembeni ya mkeka. "Fundi, nimekosea. Pumba ni nzito, ukiisukuma inakwenda mbele. Moshi na vumbi havisukumwi. Ni vya kuvutwa."

Fundi alifumbua macho. Hakusema "nilikuambia", na kwa hilo peke yake angestahili pepo. Akaniita mimi. Akataka vikombe viwili vya bati na ukanda wa khanga kuukuu. Akavilaza vikombe mkekani, akavizungushia ukanda, akanionyesha kwamba ukizungusha kimoja, cha pili kinafuata upande uleule. Halafu akauvua ukanda, akaupinda katikati ukapishana, akaurudisha. "Zungusha," akanong'ona. Nikazungusha. Kikombe cha pili kikaenda kinyume. Nilipiga kelele kama mtoto, na mama mkubwa akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Huna haja ya kuhamisha chochote," Fundi akasema. "Upinde mkanda tu. Na mlango uwe wazi, feni lazima ipate mahali pa kuvuta hewa." Kisha akafumba macho tena, amechoka.

Tulifagia chumba kizima kwanza, mimi na mama mkubwa, kuta hadi miti ya paa, tumejifunga khanga puani. Safari hii hatukumwita mtu. Nikapinda mkanda kama nilivyofundishwa, nikawasha, nikamwaga mahindi. Mwanzoni sikuona kitu. Halafu nikaona moshi unaotoka kwenye maungio ya bomba umeinama, umejinyoosha kuelekea ukuta wa nyuma, ukatoka nje bila kelele. Vumbi la unga likaufuata. Hewa baridi ya asubuhi ikaingia mlangoni ikanigusa shingoni, na nikaona upande wa pili wa chumba, ule ambao tangu nifike sikuwahi kuuona mashine ikiwa inasaga. Niliona buibui kwenye kona. Namshukuru Mungu hadi leo kwamba nilikuwepo.

Mama mkubwa akaenda kumchukua Fundi. Alikuja anamtegemeza, hatua kwa hatua, na Fundi alipofika kizingitini akasita, nikaona kweli anaogopa. Mkewe akatangulia kuingia, akavuta pumzi mbele yake, akamnyooshea mkono. Akaingia. Akasimama kando ya injini yake, akashika mkanda kwa vidole viwili, akavuta pumzi kidogo, kisha kubwa. Tukangoja kikohozi. Hakikuja. Akaiambia injini maneno fulani ya Kimakua ambayo sikuyaelewa na sikuhitaji kuyaelewa, kisha akakaa juu ya magunia, akaegemea ukuta, na kabla kapu la mahindi halijaisha akawa amelala. Siku ngapi alikuwa hajalala usingizi wa kweli, Mungu ndiye ajuaye.

Hivyo ndivyo walivyomkuta. Mjomba Hassani alikuja na kijana aliyejaa vumbi la njiani, anasukuma baiskeli iliyofungwa godoro dogo nyuma, la kumkalishia mgonjwa. Walisimama mlangoni. Mama mkubwa alitoka kwenye kivuli cha injini akasimama kati yao na mumewe. Nilifikiri atapiga kelele. Alikuwa na haki ya kupiga kelele.

"Shikamoo, kaka," alisema. "Tazama kifua chake."

Wakatazama. Kifua kilipanda, kikashuka, taratibu, kama cha mtu yeyote aliyechoka kazi. Mjomba alitazama muda mrefu. Akatazama moshi unavyotoka kwa nyuma, akatazama unga mweupe unavyoshuka, akamtazama tena dada yake, na nikaona uso wake mkali umelegea. Akamgeukia yule kijana.

"Mwanangu, umechoka bure. Mgonjwa uliyemfuata simwoni hapa. Huyu ni fundi wa mashine, amelala kidogo."

Kijana akaishikilia baiskeli yake, hajui acheke au aseme nini. Mahindi nayo yalikuwa yameisha kwenye mashine, mawe yameanza kulia makavu, nami nikanyoosha mkono nizime injini. Mjomba Hassani akaruka kizingiti na kanzu yake safi, akanizuia, akabeba mwenyewe kapu lililokuwa mlangoni.

"Usiizime, binti, ataamka," alisema. "Mimina."

Nikamimina.